Tumbaku ya Kizingitini

Chiriku aliporudi kutoka shambani jioni ile alikaa kizingitini kama kawaida yake, akanyoosha miguu, akamwambia bibi yake amvute buti. Buti la kushoto lilikuwa limeng'ang'ania. Bibi akalishika kisigino, akavuta, likatoka na harufu yake yote, soksi ikabaki humo ndani. Kisha akaleta kopo la majivu na nusu ya ndimu, akaanza kumsugua mikono.

Mikono ya mchumaji wa tumbaku haitakati kwa sabuni. Jani bichi lina utomvu unaoganda kama lami, mwanzo wa kijani, baadaye mweusi, na ukishaingia kwenye mistari ya kiganja umehamia. Bibi aliujua. Naye alichuma mpaka vidole vikakataa kukunjika, akaambiwa akapumzike. Sasa alimsugua mjukuu wake kidole kimoja kimoja, kama mtu anayesafisha vijiko vya wageni.

"Bibi, unanichubua."

"Nyamaza. Ukinyamaza haiumi."

"Nikinyamaza nitakuwa Chiriku gani?"

Jina hilo alipewa na babu yake, maana tangu siku alipoanza kusema hakuwahi kumaliza. Alisema akila, alisema akifua, alisema usingizini. Shambani alikuwa akiwasimulia wenzake mambo kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na wachumaji walisema ukipangwa karibu naye jua linatua upesi.

Walipofika kidole gumba, babu alikuja akasimama penye tuta la viazi. Alikuwa amevaa koti alilozikwa nalo, kofia ameishika mkononi. Alikuwa amekufa tangu Chiriku anang'oa meno ya utoto. Bibi alimtazama, akaendelea kusugua.

"Karibu. Leo sijakuita."

"Nimeitwa," alisema babu. "Tangu juzi ninaitwa, nikawa najivutavuta tu."

Katika ukoo ule, kama katika koo nyingi, tumbaku ilikuwa ya kuongea na waliotangulia. Zamani ilipandwa mashina machache nyuma ya nyumba, na hapakupigwa kelele wakati wa kuipanda. Ilichumwa jua likiwa juu na jani likiwa kavu. Aliyelichuma na umande wake aliitwa mwizi, kwa sababu umande ni jasho la jani, na jasho halichukuliwi. Ikakaushwa, ikasagwa, ikatiwa katika kipembe. Ukiwa na haja, jua likiwa linazama ulibana ugoro kidogo kwa vidole viwili, ukauweka kizingitini, ukasema neno lako. Mtoto ana homa. Mvua imechelewa. Ndugu wawili hawasemezani. Waliotangulia walikuja, wakanusa, wakasikia, wakaenda kufanya waliloweza.

Lakini neno lilikuwa lazima. Tumbaku yenye neno ni ujumbe. Tumbaku isiyo na neno ni zawadi, na chochote kilicho pamoja nayo kizingitini kimetolewa, hakidaiwi. Siku za nyuma mtu akitaka kuwapa kuku, alimpaka ugoro mgongoni, akamweka mlangoni, akanyamaza. Asubuhi kuku alikuwa amelala na macho yamefumba, hana jeraha, na hakuna aliyemla.

"Sasa umeitiwa nini?" aliuliza bibi.

Babu alizungusha kofia mikononi. "Wenzangu wanasema nimepewa mke."

Chiriku akacheka. Tangu utotoni babu alikuwa akimwita mke wangu mdogo, na bibi akimwita mke mwenzangu, akimlalamikia kwamba amekuja kula kwenye nyumba ya watu. "Babu, si ulishanioa zamani? Mahari yako ilikuwa peremende, tena moja uliila njiani."

Babu hakucheka. "Kila jioni unakuja na tumbaku kuanzia unywele hadi ukucha, unakaa hapo hapo kizingitini, hakuna anayesema neno. Mimi naelewa kwamba umechoka, unavua buti. Wenzangu hawajui buti. Wanasema tangu dunia iumbwe hatujapewa tumbaku nyingi namna hii, na aliyebebeshwa tumbaku hiyo ni msichana, basi ametolewa. Kule kwetu sheria ni sheria."

Chiriku bado alikuwa anacheka, ila kicheko kilimpanda vibaya, akainuka akaenda kutapika ukutani. Alikuwa akitapika kila jioni. Shambani waliita kulewa jani. Umande wa alfajiri huloweka majani, majani huloweka nguo, nguo hushikamana na ngozi, na ile sumu iliyomo kwenye tumbaku huingia mwilini bila kuuliza mlango uko wapi. Kichwa huzunguka, moyo hukimbia, chakula kinakuwa adui. Mwezi wa kwanza majirani walisema Chiriku ana mimba, wakawa wanahesabu vijana wa kambi ya wachumaji. Mwezi ulipopita na tumbo likazidi kuingia ndani badala ya kutoka, wakaacha kuhesabu.

Bibi alisimama, akaukung'uta upande wa kanga yake, akamtazama mumewe usoni.

"Huyu sikumtoa," alisema. "Ana kazi. Ana maneno hajamaliza kusema. Rudi, waambie sikumtoa."

"Vizuri," alisema babu, na ilionekana kifua kimemtua. "Hilo nitawaambia. Lakini kesho useme tena, mama. Kila siku akija hivyo, useme. Tena kabla jua halijazama lote, na asemaye awe damu yake."

Alivaa kofia akaondoka kwa njia ya nyuma ya choo, ambayo ndiyo fupi.

Tangu hapo bibi akawa anasema kila jioni, kama mtu anayefungia kuku. Kwanza alijaribu kumzuia Chiriku asikae kizingitini, akampa kigoda nje. Babu akaja na jibu kwamba matone ya nguo zake alipovuka mlango yametosha. Wakampitisha dirishani. Kwa muda Chiriku alikuwa akiingia nyumbani kwa kutanguliza kichwa, bibi akimvuta mabega kwa ndani, na majirani hawakuuliza, kwa sababu kambini kila nyumba ina yake. Babu akarudi. Wenzake walikuwa wamekaa kikao, wakasema dirisha nalo ni mlango wa mwenye shida.

"Hao wenzako hawana kazi?" bibi alimuuliza.

"Wanaumwa," alisema babu, akakaa chini. Rangi yake haikuwa nzuri. "Sisi tulizoea cha vidole viwili. Huyu anatuletea shamba zima. Wazee wanatapika, mama. Shangazi yako hawezi kunyanyua kichwa. Tunanusa tusichotaka, na hatuwezi kukataa, maana zawadi haikataliwi."

Bibi akamletea uji. Aliunusa, akashukuru, akauacha.

Hapo ndipo bibi alipompeleka Chiriku zahanati. Muuguzi alimpima pumzi, akampima moyo, akamtoa damu, akauliza, "Unavuta?"

"Hata ugoro sijaonja. Bibi ananinyima."

"Damu yako ni ya mtu anayewasha sigara kwa kichungi cha nyingine, toka kuamka mpaka kulala." Muuguzi alisema bila ukali. Kaka yake mwenyewe alikuwa anachuma mistari ya bondeni. Alimshika Chiriku kiganja akakigeuza, akautazama weusi wake, akakirudisha kwenye paja taratibu kama kitu cha kuazima. "Asiguse jani bichi, bibi. Hasa lenye umande. Dawa ni hiyo tu, nyingine sina."

Bibi akaenda kwa mnyapara. Mnyapara alikuwa mtu wa kawaida, anayependa chai yenye tangawizi, na alimheshimu bibi kwa sababu ndiye aliyemfundisha kuchuma alipokuwa kijana.

"Mwanangu, mpeleke mjukuu wangu kwenye jani kavu, kule kwa wanaofunga mafungu."

"Kule kumejaa, mama. Kuna walioomba kabla yake, na nao wanatapika."

"Basi achume umande ukishakauka."

"Tela inaondoka alfajiri. Nikimsubiri mmoja nitawasubiri wote." Alikoroga chai yake. "Wewe mwenyewe ulilewa jani ukazoea. Kazi mbaya si mchezo mwema, si ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndivyo nilivyokuambia," alikubali bibi. "Na glavu?"

"Zipo."

Glavu zilikuwepo kweli, na makoti ya mpira yalikuwepo, yamefungiwa stoo. Yalitolewa siku wageni walipokuja kukagua. Wachumaji walivaa, wakapigwa picha wakiwa wameshika jani moja moja kama maua, wageni wakaondoka, vitu vikarudishwa stoo vikiwa vipya vile vile. Siku nyingine kila mtu alijitafutia. Chiriku alivaa mfuko mkubwa wa plastiki alioukata matundu matatu, la kichwa na ya mikono, na alisema anafanana na zawadi ambayo mtu ameanza kuifungua akakata tamaa.

Kuacha kazi hakukuwezekana, na wala hakuna aliyelizungumza hilo, kama watu wasivyozungumza kuhusu paa likiwa juu yao. Nyumba ilikuwa ya shamba. Nyumba za kambi zilipewa wenye mchumaji, na nyumba iliyokosa mchumaji ilipewa wengine, ndiyo kawaida. Humo ndani babu alifia, humo Chiriku aliachwa na mama yake akiwa mchanga, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mashina machache ya tumbaku ya kipembe, mbegu yake ikitoka kwa mama wa mama wa bibi. Chiriku alichuma ili bibi yake alale ndani.

"Bibi, usiwe na wasiwasi," alimwambia. "Wewe sema neno lako, mimi nitachuma. Babu mwenyewe ni mzee, hawezi kunikimbiza."

Lakini maneno yake yalikuwa yanapungua. Mama Pacha, jirani aliyechuma mstari wa pembeni, ndiye aliyegundua kwanza. Alimwambia bibi kwamba siku hizi Chiriku anaanza hadithi, akifika katikati anauliza, "Nilikuwa nasema nini?" na wakimkumbusha anasema, "Basi, iacheni tu."

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika, ikanyesha tena. Majani yalikuwa mazito kama ndimi za ng'ombe. Bani, lile jumba refu la kukaushia, lilikuwa limewashwa moto na lilitakiwa lijae, kwa hiyo mnyapara akasema hakuna kurudi mpaka lijae. Wachumaji walifanya kazi wamelowa hadi mifupa. Jioni Chiriku alibeba fungu lake mpaka mlangoni mwa bani, akalitua, akasema ngoja avute pumzi. Akakaa kizingitini.

Mama Pacha akamwona, akalitupa fungu lake, akakimbia njia yote ya kambini na mfuko wake wa plastiki ukipiga kelele mwilini.

"Mama, njoo! Amekaa! Amekaa kizingitini mwa bani, haamki!"

Bibi hakuvaa viatu. Njia ilikuwa utelezi mtupu, na magoti yake yalikuwa ya siku nyingi, lakini alifika getini kungali na mwanga kidogo. Mlinzi alikuwa amefunga. Alimwambia kwa upole kwamba lango likishafungwa hufunguliwa kwa ruhusa ya mnyapara, na mnyapara yuko ndani ya bani anatazama moto.

"Mwite."

"Nikiondoka hapa, mama, nitaacha lango peke yake."

Basi bibi alishika vyuma vya geti kwa mikono miwili, akaelekeza uso wake kule bani lilikokuwa likifuka moshi, akasema. "Huyu sikumtoa! Mnanisikia? Sikumtoa! Ana kazi, ana maneno hajamaliza! Sikumtoa!" Alisema mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Mlinzi alivua kofia. Mbingu ilikuwa kijivu moja kutoka upande hadi upande, na hakuna mtu angeweza kusema kama jua lilikuwa limezama au bado.

Lilikuwa limezama.

Walimleta kwa tela, amelazwa juu ya majani, amefunikwa plastiki yake mwenyewe. Mnyapara alikuja nyuma kwa miguu. Alisema msichana alikuwa na moyo mdogo. Bibi alisema alikuwa na moyo wa kawaida. Wakazika siku iliyofuata, mchana, jani likiwa kavu, na wachumaji walioruhusiwa kuja waliruhusiwa mpaka saa ya chakula.

Jioni ya maziko bibi alikaa kwenye kigoda, na babu alikuja kwa njia ya nyuma ya choo. Chiriku alikuwa amemshika mkono. Alivaa gauni alilozikwa nalo, la njano, na alitembea bila kuyumba.

"Wameniuliza kama nimemtaka," alisema babu. "Nikawaambia mimi nilikuwa natania. Kuna utani na kuna kutoa, nikawaambia, hamjui hata tofauti? Hawakunisikiliza." Alikuwa analia kidogo, kama wazee wanavyolia, bila kubadili sauti.

"Nilisema," alisema bibi. "Nilisema getini."

"Tulisikia. Tulisikia sote. Ulichelewa kwa upana wa ukucha."

Chiriku alinyoosha mikono yake. "Bibi, tazama."

Bibi akaitazama. Ilikuwa mikono safi. Viganja vilikuwa vimerudia rangi yake ya utotoni, kila mstari ukionekana, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu la kisu ambalo bibi alikuwa amelisahau, kwa sababu lilifunikwa na weusi muda mrefu. Akalipapasa. Kisha akaingia ndani, akachukua kipembe, akabana ugoro kidogo, akatoka nao, maana wafu wawili wamefika mlangoni na mtu hawapokei mikono mitupu.

"Usinipe hiyo," alisema Chiriku. "Tafadhali bibi. Nipe maji tu."

Bibi akarudisha kipembe, akaleta maji ndani ya beseni, na Chiriku akaingiza mikono humo, akakaa hivyo. Maji yalibaki meupe. Akaanza kuongea. Aliongea juu ya Shangazi anayekoroma hata akiwa amekufa, juu ya wazee waliomgombania nani ampe kiti, juu ya Mama Pacha alivyokimbia na plastiki. Akazimaliza hadithi zote alizokuwa ameziacha katikati. Bibi alicheka mara moja. Kwa jioni kadhaa ikawa hivyo, na bibi akaona kwamba, ikiwa haikuwa na jinsi, mtu angeweza kuishi hivi.

Kisha mnyapara akaja. Alikuja mapema, jua lingali juu ya paa la bani, akakuta wote watatu mlangoni, akawasalimu kwa mpango, kuanzia kwa babu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Hujambo, Chiriku?"

"Sijambo."

"Pole."

"Nimeshapoa."

Alipewa kigoda, akakataa kukaa. Alisema kilichomleta si kizuri na si chake. Nyumba haina mchumaji. Kuna mtu na mke wake wamefika, wana nguvu, wanalala chini ya tela. Bibi ana mpaka mwisho wa mwezi, na yeye mnyapara atamtafutia mtu wa kumbebea vyombo.

Bibi alikitazama kizingiti. Babu alianza kusema kwamba alizikwa karibu hapo hapo na bibi akihama hatajua aje wapi, kisha akaacha.

"Mstari wangu kapewa nani?" aliuliza Chiriku.

"Hajapewa mtu bado. Majani yanazidi kukomaa."

"Ukichumwa?"

Mnyapara alifikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. "Mimi naambiwa nyumba iwe na mchumaji, na mstari uchumwe. Mengine sikuambiwa. Ukichumwa, mimi sina neno."

"Mwanangu," bibi alimwambia Chiriku, "wewe umeshakufa."

"Najua, bibi. Lakini nyumba."

Alfajiri kilipogongwa kile kipande cha reli cha kuwaitia watu kazini, Chiriku alikuwa amesimama getini na plastiki yake yenye matundu matatu, juu ya gauni la njano. Mlinzi alimfungulia. Wachumaji wakasogea kwenye tela wakampa nafasi pale pale alipokuwa akikaa. Babu alikwenda naye, kwa kuwa hakuweza kumwacha peke yake. Hakuwahi kuchuma maishani mwake zaidi ya mashina ya nyuma ya nyumba, na alikuwa mzito, analiomba radhi kila jani kabla ya kulivunja, mpaka mnyapara akamwambia, "Mzee, kwa mwendo huo tutavuna makaburini." Umande uliwalowesha wote sawa, walio hai na wasio hai.

Jioni wakarudi. Chiriku alikaa kizingitini, akanyoosha miguu. Bibi alilivuta buti la kushoto, likatoka. Akaleta beseni, Chiriku akatia mikono, na maji yakawa meusi. Kisha akainuka, akaenda ukutani, babu akamshikia kichwa.

Mpaka leo wanachuma. Nyumba ni ya bibi, hakuna aliyeigusa. Kovu la kidole halionekani tena, na Chiriku haongei sana. Akifika katikati ya hadithi husimama, na hakuna anayemkumbusha. Mfanyakazi mpya na mke wake walipata nyumba nyingine kabla ya mwezi kuisha, ya Mama Pacha, iliyokuwa nayo imekosa mchumaji.

Na kila jioni, jua likiwa bado lina upana wa ukucha, bibi hukung'uta upande wa kanga yake na kusema neno lake. Zamani alilisema ameelekea makaburini. Siku hizi amegeuza kigoda. Anaelekea bani, stoo, na lango, anasema bila kupaza sauti, kama anayemweleza mtu mzima aliye karibu.

"Huyu sikumtoa."

Kule hakuna anayejibu. Moshi wa bani hupanda moja kwa moja, na asubuhi reli hugongwa.